Uaminifu Katika Hesabu: Somo la Kutunza Vitabu vya Fedha kwa Njia ya Mtandao



Katika somo hili twataka kunena juu ya kazi isiyoimbwa wala kuhubiriwa sana, nayo ni kazi ya kuandika hesabu. Wako Wakristo wadhanio ya kuwa kazi hii ni ya dunia, wala haiwapasi watu wa Mungu; husema, "Mtu mwaminifu ana haja gani na kalamu?" Wako na wengine waliokubali ya kuwa ni kazi njema, walakini husema, "Sisi tu watu wa shamba na mifugo. Shule ya hesabu iko mbali, nasi hatuna nauli wala ada." Twataka kuwajibu wote wawili: wa kwanza kwa Maandiko, wa pili kwa kuwaonyesha mlango uliofunguliwa siku hizi, yaani masomo yapatikanayo kwa simu kwa njia ya mtandao wa intaneti.

I. Maandiko yatufundisha nini

Someni Ezra mlango wa 8. Ezra alikuwa akitoka Babeli kwenda Yerusalemu na fedha nyingi na dhahabu na vyombo vya nyumba ya Mungu. Njia ilikuwa ndefu, tena ya hatari. Yeye aliona haya kumwomba mfalme askari, maana alikuwa amekwisha kumwambia ya kuwa mkono wa Mungu wawalinda wamtafutao. Basi wakafunga na kuomba penye mto wa Ahava. Lakini tazameni jambo alilolifanya baada ya kuomba: alichagua wakuu 12 wa makuhani, akawapimia ile fedha na dhahabu mikononi mwao. Nao walipofika Yerusalemu, siku ya nne, ikapimwa tena mbele ya watu wengine, na uzani wote ukaandikwa.

Ezra hakutaka askari, lakini alitaka mizani. Kwa wanyang'anyi wa njiani alimtegemea Mungu. Kwa mikono ya ndugu zake alitumia kipimo na maandiko. Je, aliwadhania makuhani kuwa wezi? Hasha. Aliwalinda. Kama mtu angalisema baadaye, "Fedha imepungua," wale 12 wangalikuwa na jibu. Aliyepokea kwa kupimiwa na kutoa kwa kupimiwa, hakuna awezaye kumchafulia jina.

Someni tena 2 Wafalme mlango wa 12. Mfalme Yoashi aliamuru nyumba ya Bwana itengenezwe kwa fedha za watu, lakini hata mwaka wa 23 wa kutawala kwake mabomoko yalikuwa hayajatengenezwa. Ndipo likawekwa sanduku lenye tundu karibu na madhabahu, na kila lilipojaa walikuja watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakahesabu fedha pamoja. Basi kazi ikaendelea. Wengine hupenda kutaja mstari wa 15, usemao ya kuwa wasimamizi wa kazi hawakudaiwa hesabu kwa sababu walikuwa waaminifu. Ni kweli. Lakini msisahau ya kuwa fedha ile ilikuwa imekwisha kuhesabiwa na watu wawili kabla ya kutiwa mikononi mwao. Imani ile ilisimama juu ya hesabu; haikusimama mahali pa hesabu.

Na mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 8:20-21, alipochukua changizo la maskini wa Yerusalemu, hakukubali kulichukua peke yake. Alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana, na mbele ya wanadamu pia.

II. Kwa nini jambo hili latuhusu sisi

Tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang, yakaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Misaada ikaja kutoka pande nyingi za nchi. Katika siku kama zile unga, mablanketi na fedha hupita mikono mingi kwa haraka. Aliyetoa hana haja ya kujua jina la aliyepokea, lakini ana haki ya kujua ya kuwa kipaji chake kilifika. Na aliyefiwa ana haki ya kupokea bila kusikia maneno ya chini chini juu ya walioshika ghala. Daftari lililoandikwa vema siku ile ile ndilo lizuialo maneno hayo. Lililoandikwa mwezi wa pili kwa kukumbuka-kumbuka halizuii kitu.

Nasi hatuna haja ya kungoja msiba. Mama mjane wa Jorodom au wa Dongobesh aletaye mayai matatu yanadiwe baada ya ibada, ametoa kitu kikubwa. Kama mwisho wa mwaka mhazini asimama mbele ya washarika na kusema, "Fedha zilikuja, fedha zikaenda, Bwana awabariki," mama yule hatauliza neno. Lakini mwaka ufuatao atakuja na yai moja. Makanisa mengi hayafi kwa kukosa mahubiri. Hudhoofika kwa sababu watu wameacha kuamini sanduku.

III. Kitabu cha kwanza: fedha zilizoingia na zilizotoka

Tuchukue mfano wa mtaa mdogo. Mwanzo wa mwezi mtaa ulikuwa na Sh. 184,000, zote za kazi ya kawaida. Jumapili sadaka ya ibada ikawa Sh. 62,500. Mazao yaliyonadiwa yakaleta Sh. 28,000. Ndugu mmoja aliye Arusha akatuma kwa simu Sh. 150,000 za jengo. Hayo ndiyo mapato. Kisha matumizi: mafuta ya pikipiki ya mwinjilisti Sh. 15,000, mifuko 6 ya saruji kwa Sh. 19,000 kila mfuko, jumla Sh. 114,000, na ada ya kutoa zile fedha za simu, tuseme Sh. 3,000.

Upande wa kushoto wa daftari twaandika baki ya mwanzo na mapato: jumla Sh. 424,500. Upande wa kuume twaandika matumizi: jumla Sh. 132,000. Baki ni Sh. 292,500. Mhazini afungue sanduku, ahesabu pamoja na mwenzake, na fedha zilizomo pamoja na zilizo benki au katika simu ziwe Sh. 292,500, si zaidi wala pungufu. Hata zikizidi ni kosa, maana kuna pokeo lisiloandikwa.

Lakini haitoshi. Wazee wakisikia ya kuwa kuna Sh. 292,500, watasema, "Na tununue mabati!" Ngojeni. Fedha za jengo zilikuwa Sh. 150,000, zimetumika Sh. 114,000 na Sh. 3,000, basi za jengo zimebaki Sh. 33,000 tu. Zilizosalia, Sh. 259,500, ni za kazi ya kawaida. Fedha iliyotolewa kwa kusudi moja haina ruhusa kuliwa na kusudi jingine. Kwa hiyo kila daftari liwe na safu za mifuko, ijapokuwa sanduku ni moja.

Tena kila pokeo liwe na stakabadhi, na kila toleo liwe na hati ya malipo yenye sahihi. Ujumbe wa simu ni ushahidi pia, walakini hufutika. Uandikwe namba yake katika daftari siku ile ile. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka wa 2008, sadaka nyingi zimeanza kupita katika simu. Simu ya mhazini isiwe mfuko wa kanisa. Fedha za kanisa ziwe na laini au akaunti yake, mbali na fedha za nyumbani kwake.

IV. Kitabu cha pili: kila jambo laandikwa mara mbili

Sasa tuongeze jambo moja. Mtaa ule ule umekopa dukani mifuko mingine 4 ya saruji, thamani yake Sh. 76,000. Daftari la fedha halionyeshi kitu, maana hakuna fedha iliyotoka. Mfuko wa jengo waonekana una Sh. 33,000, kumbe una deni la Sh. 76,000, yaani umepungukiwa na Sh. 43,000. Mhazini akihama au akifa, deni hili lajulikana na mwenye duka peke yake.

Hapo ndipo tunapohitaji ule uandishi wa mikono miwili. Jambo kila moja lina pande mbili: mahali palipopokea na mahali palipotoa. Saruji ya mkopo: hesabu ya jengo imepokea Sh. 76,000, hesabu ya mwenye duka imetoa Sh. 76,000. Palipopokea huandikwa kushoto, nako huitwa debiti. Palipotoa huandikwa kuume, nako huitwa krediti. Siku ya kulipa, hesabu ya mwenye duka hupokea, na hesabu ya fedha hutoa. Mwisho wa mwezi zikusanyeni zote. Jumla ya kushoto na jumla ya kuume zitakuwa sawa. Mlinganisho huo huitwa urari.

Mtu wa kwanza kuieleza njia hii katika kitabu kilichopigwa chapa alikuwa mtawa, ndugu Luca Pacioli wa shirika la Fransisko, kule Venice mwaka wa 1494. Hakuibuni yeye, wafanya biashara wa Italia walikuwa wakiitumia zamani. Lakini aliiandika ili wengine wajifunze, akashauri tena ya kuwa vitabu vya hesabu vianze kwa jina la Mungu. Basi asiwepo mtu kusema ya kuwa hesabu ni kazi isiyofaa kwa watu wa kanisa.

Liko neno moja liwachanganyalo wanaoanza. Benki hutuambia ya kuwa akaunti yetu "imekrediwa" fedha zinapoingia, hali sisi tumefundishwa ya kuwa fedha ziingiazo huandikwa debiti. Je, benki imekosea? La. Benki yaandika katika kitabu chake, si katika chetu. Katika kitabu chake sisi ndio tunaoidai, tumetoa, nayo imepokea. Kitabu chake na chetu ni kama watu wawili wanaotazamana: mkono wa kuume wa mmoja uko upande wa kushoto wa mwenzake. Akumbukaye hayo hatatatizwa tena.

V. Masomo ya mbali si jambo geni kwetu

Kujifunza hesabu bila kuondoka kijijini si desturi ya leo. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliandikisha chama chao kikuu, KNCU, mwaka wa 1933, na tangu siku hizo vyama vya ushirika vimehitaji waandishi wa hesabu. Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa mwaka wa 1963, na mwaka uliofuata Kituo cha Elimu ya Ushirika kikaanza kufundisha wanavyama vijijini kwa barua na kwa redio. Chuo kile tangu mwaka wa 2014 ni Chuo Kikuu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa kwa sheria mwaka wa 1975, nayo imefundisha wengi kwa posta. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka wa 1992, hufundisha watu walioko makwao. Basi mtandao umechukua mzigo uliokuwa wa posta. Barua iliyokawia majuma yaja sasa kwa dakika.

Mlango huu waingia wapi? Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kina masomo ya bure yaitwayo OpenLearn, tangu mwaka wa 2006, na kati yake limo la mwanzo juu ya kutunza hesabu. Chuo Kikuu cha Rice, kule Texas katika Marekani, chatoa vitabu vya bure viitwavyo OpenStax. Kile cha misingi ya uhasibu kilitoka mwaka wa 2019, na mtu aweza kukihifadhi katika simu akakisoma hata pasipo mtandao. Alison, iliyoanzishwa Ireland mwaka wa 2007, ina masomo ya bure pia, lakini cheti chake hulipiwa. Hayo kwa sehemu kubwa ni kwa Kiingereza. Walimu wa nchi yetu nao huweka masomo yao katika YouTube, wengine wakieleza kwa Kiswahili.

VI. Mashauri kwa mitaa yetu

Kwanza, msisome peke yenu. Kwetu hapa mzee mhazini aliyezaliwa katika Kiiraqw au Kidatoga amejifunza Kiswahili kuwa lugha ya pili. Kiingereza cha masomo haya ni lugha ya tatu, tena ngumu. Kijana aliyemaliza sekondari aweza kukisoma, walakini hajui fedha za mtaa zatoka wapi wala zaenda wapi. Basi waketi pamoja. Kijana asome, mzee aeleze jambo lilivyo. Mtu wa tatu, na afadhali awe mama katika umoja wa wanawake, aandike maana ya kila neno kwa Kiswahili katika daftari moja. Hivyo ndivyo makundi ya redio yalivyosoma zamani, na faida yake ni hii pia: mhazini akiondoka, elimu haiondoki naye.

Pili, ukubalini umbali wa mtandao. Mahali pengine simu hushika kilimani tu. Siku ya mnada, mmoja aendaye Katesh au Mbulu mjini apakue masomo ya juma zima, na kundi liyasome jioni kwa simu iliyochajiwa kwa nguvu za jua. Vitabu na maandiko hula bando kidogo. Picha za video hula nyingi. Anzeni kwa maandiko.

Tatu, kila somo lifuatwe na kazi ya mikono. Mkijifunza daftari la fedha, andikeni daftari la mtaa wenu la mwezi uliopita. Mkijifunza hesabu za mabenki, linganisheni taarifa ya benki na daftari lenu. Asomaye bila kuandika ni kama atazamaye wengine wakilima.

Nne, wekeni muda. Majuma 12 yatosha kwa mwanzo: manne ya daftari la fedha na stakabadhi, manne ya uandishi wa mikono miwili na urari, mawili ya kulinganisha na benki na simu, na mawili ya kuandika taarifa ya kusomwa mbele ya washarika. Saa mbili kila juma zatosha kwa mtu mwenye ng'ombe wa kuchunga na shamba la kupalilia. Msianze wakati wa mavuno.

VII. Maonyo

Si kila king'aacho katika simu ni shule. Mtu akikutaka namba yako ya siri, au akikuahidi kazi ukimlipa kwanza, huyo si mwalimu. Tena masomo ya nchi nyingine yana kodi na sheria za nchi hizo. Chukueni kanuni za kuandika, sheria waachieni wenyewe. Na cheti cha masomo mafupi hakimfanyi mtu kuwa mhasibu. Wahasibu wa nchi yetu huandikishwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1972. Kwa daftari la mtaa cheti si lazima. Lililo lazima ni daftari.

Onyo la mwisho ndilo kubwa. Tulisema ya kuwa kushoto na kuume zitakuwa sawa. Lakini sadaka ambayo haikuandikwa kabisa haiharibu usawa huo, maana haikuingia upande wo wote. Mtu aweza kuiba asubuhi, na jioni urari wake ukawa mzuri. Elimu yaweza kuonyesha kosa la kalamu. Wizi wa kabla ya kalamu hauonyeshi. Kwa hiyo twarudi kwa Yoashi: watu wawili wahesabu pamoja, papo hapo, mbele ya wengine, wasio wa nyumba moja, na wote wawili watie sahihi kabla fedha haijaondoka kanisani. Hili halihitaji mtandao wala Kiingereza. Laweza kuanza Jumapili hii.

Ndugu, fedha hizi si zetu. Tumezishika kwa siku chache kwa niaba ya mwingine, naye atauliza. Heri mhazini ambaye, siku atakapoulizwa na washarika, au na mrithi wake, au na Bwana mwenyewe, hatatafuta maneno, bali atafungua kitabu.

Maswali ya kujadiliana katika kundi:

1. Kwa nini Ezra alikataa askari lakini hakukataa mizani?
2. Katika mtaa wenu, ni watu wangapi wanaohesabu sadaka, nao hutia sahihi wapi?
3. Mtaa umepokea Sh. 80,000 za yatima, ukatumia Sh. 30,000 kwa mafuta ya pikipiki ya mwinjilisti. Andikeni jambo hili katika safu za mifuko, mkaseme ni nini kilichoharibika.
4. Mtaa umekopa mbao za Sh. 120,000. Ni hesabu ipi iliyopokea, na ipi iliyotoa? Siku ya kulipa nusu, mtaandika nini?
5. Ni nani kati ya vijana wenu awezaye kuketi na mhazini kwa majuma 12, na kundi litakutana siku gani?